Zege Halilali, Lakini Hunywa

Kuna msemo uliotoka saiti ukazoeleka mtaani: zege halilali. Mtaani maana yake ni fanya sasa hivi, usingoje kesho. Saiti maana ni hiyo hiyo, ila ina saa ndani yake. Saruji ikishakutana na maji, fundi ana muda wa kama saa moja, na kidogo zaidi kukiwa na kivuli, kabla mchanganyiko haujaanza kukaza. Ukishakoroga huna ruhusa ya kuchoka. Mvua ije, giza liingie, kibarua aumwe, zege litamwagwa leo.

Ilinichukua muda mrefu kuielewa nusu ya pili ya msemo huo, ambayo mafundi hawaitamki, wanaionyesha kwa ndoo. Zege halilali, lakini hunywa. Hunywa likikorogwa, na hunywa tena likishamwagwa, siku baada ya siku, wakati sisi wengine tumekwisha kuondoka tukidhani kazi imeisha. Anayejua kulinywesha ndiye fundi. Nimewatazama watu hao Handeni na Korogwe kwa miaka kadhaa, na nataka kuieleza kazi yao sasa kwa sababu imepata mgeni aitwaye akili mnemba. Mgeni huyo nimemfuatilia hadi alikozaliwa. Nimekuta naye alianza shule kwa kusoma maji.

Korogwe na Handeni ni kilomita 65 za lami, lakini kwa mtu wa ujenzi ni nchi mbili. Korogwe imelala kwenye bonde la Mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, mkonge ukaenea bondeni, na mji ukakua pembeni ya mto usiokauka. Pale Hale, katika wilaya hiyo hiyo, mto uliingizwa chini ya ardhi mwaka 1964 kuzungusha mitambo ya megawati 21, na tangu hapo zege la chini kule limeishi na maji usiku na mchana. Handeni ni Uzigua, nchi ya juu zaidi, ya udongo mwekundu na mito ya msimu, ambako watu wakikutana habari ya maji haikosekani. Tangu miaka ya 1970 Handeni imekuwa ikinyweshwa na Korogwe. Bomba kuu ambalo kila mtu hulijua kwa herufi tatu, HTM, huchota Mto Pangani na kuyapandisha maji hadi huko. Mradi wa maji wa miji 28 wa miaka hii, unaogharamiwa kwa mkopo wa India, nao umeziweka Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani pamoja, kwenye mto huo huo. Maji yakikatika, huja kwa bodaboda, madumu ya njano yamefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, na kila dumu lina bei yake.

Wape mafundi wa miji hii miwili nguzo ile ile waimwage. Korogwe mpira wa maji upo jirani. Zege zito linauma mikono, mchana una joto la bondeni, na kishawishi ni kufungulia maji kidogo ili mchanganyiko uteleze wenyewe ndani ya fomu. Handeni hakuna anayefanya hivyo, maana dumu limelipiwa. Kishawishi cha Handeni huja kesho yake asubuhi, fomu zikishafunguliwa na nguzo imesimama imara machoni pa kila mtu, pale mwenye nyumba anapouliza kwa nini anunue maji ya kumwagia kitu kilichokwisha kuwa jiwe. Kosa la Korogwe hufanyika katika robo saa. La Handeni hufanyika polepole kwa wiki nzima, kwa kutokufanya chochote.

Hesabu yenyewe ni ndogo kiasi cha kushangaza. Mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, kikemia unahitaji kama lita 12 tu za maji ili chembe zake zishikane. Mengine yote tunayoweka ni ya kulainisha, ili zege lipite kati ya nondo na ringi na kuijaza fomu hadi pembeni. Maji hayo ya kulainisha yakishamaliza kazi yake huondoka, na kila tone likiondoka huacha kijitundu. Majedwali ambayo wahandisi wameyatumia kwa miongo yanasema hivi: ukiweka lita 27 kwa mfuko, tarajia zege la megapaskali 30. Ukiweka lita 34 na nusu, tarajia 20. Tofauti ni lita saba na nusu, haifiki hata nusu ya dumu, na theluthi ya nguvu imekwenda nayo.

Megapaskali ni neno la maabara, kwa hiyo nililitafutia mahali pa kulitazama. Zege hupimwa kwa kulivunja katika michemraba ya sentimita 15 kila upande, mzigo wa kama kilo nane mkononi. Mchemraba mmoja ukihimili megapaskali 25 umebeba takribani tani 57. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa lori na shehena yake yote. Nenda basi Segera, pale barabara ya Tanga inapoachana na ile ya Moshi, ulitazame lori kubwa kuliko yote likiinama kwenye kona na ekseli zake zote, halafu fikiria limenyanyuliwa zima na kuwekwa juu ya kipande unachoweza kukipakata. Zege jema hubeba hivyo, na bado halivunjiki. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, wala sijalizoea.

Fundi ninayetaka kumsimulia ni mtu mzima wa Handeni, Mzigua, na kwa kuwa hakuniomba nimwandike sitamtaja jina. Kabla ya kugusa saruji hugusa mchanga. Huchota konzi moja kutoka ndani ya lundo, si juu, huikamua, huitupa, kisha huangalia kiganja. Kiganja kikibaki na rangi ya udongo, mchanga una tope, na tope huvaa kokoto kama nguo na kuizuia saruji isiishike. Kikibaki na ubaridi na chembe zilizong'ang'ania, mchanga umelala na mvua. "Huu umekwisha kunywa," husema, na hapo hapo hubadilisha vipimo vya siku nzima.

Nilimwomba anieleze anachobadilisha, nikaenda kukipigia hesabu nyumbani. Kilo 100 za mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 zimeficha lita tano za maji ambazo hakuna aliyezimimina. Na mchanga wenye unyevu huvimba. Chembe zake husukumana kwa utando wa maji, na ujazo waweza kuongezeka kwa robo au zaidi. Maana yake karai lililojaa mchanga wa unyevunyevu lina mchanga pungufu na maji ya ziada kwa wakati mmoja, makosa mawili ndani ya chombo kimoja kinachoonekana kimejaa sawasawa. Yule mzee huongeza nusu karai ya mchanga kwa kila mfuko na kupunguza makopo kadhaa ya maji. Hajawahi kuiona ile asilimia 5 imeandikwa mahali. Marekebisho yake, nilipoyalinganisha na hesabu zangu, yalikuwa ndani ya kopo moja.

Kisha husikiliza. Mashine ya kukorogea ina sauti tatu kwa anayeijua. Zege kavu mno hugongagonga kama mahindi ndani ya debe. Lililozidi maji hupiga chubwi, chubwi, kama mtu anayetembea kwenye tope. Kati yake kuna mngurumo mzito, wa kushiba, na ukifika mngurumo huo mzee huinua mkono kabla hata hajageuka kutazama. Mwishowe huchukua bonge na kulibana: lazima lisimame, ling'ae, lisidondoshe. Sikio, kiganja na jicho vikikubaliana, toroli linaondoka.

Chicago, kwenye chuo kilichoitwa Lewis Institute, kulikuwa na mtu mwingine wa kufinyanga mabonge. Duff Abrams alitoa mwaka 1918 kijitabu kuhusu namna ya kupanga mchanganyiko wa zege, kilichosimama juu ya majaribio takribani 50,000. Alichokipata chatosha kuandikwa kwenye kiganja: zege likiwa linafanyika vizuri, nguvu yake huamuliwa na uwiano wa maji kwa saruji, na maji yakizidi nguvu hushuka. Leo kila fundi anasema hivyo, na ndiyo sababu ni rahisi kusahau gharama yake. Mara 50,000 mtu alipima, akakoroga, akashindilia, akasubiri, akavunja, akaandika namba. Baadaye Abrams alitupa pia ile koni ya chuma ya sentimita 30 inayojazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likichomwa kwa fimbo mara 25, kisha koni hunyanyuliwa na mtu hupima zege limeporomoka kiasi gani. Nikiitazama koni hiyo naona konzi ya mzee wetu iliyogeuzwa kuwa chuma, ili watu wasiofahamiana waweze kukubaliana juu ya bonge.

Sasa mgeni. Mwaka 1998 I-Cheng Yeh, wa Chuo Kikuu cha Chung-Hua kule Taiwan, alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba kompyuta inaweza kufundishwa kukadiria nguvu za zege bila kuambiwa kanuni yoyote. Alikusanya matokeo ya maabara mbalimbali, na jedwali lake lililowekwa hadharani lina mistari 1,030. Kila mstari una namba nane za kuingiza: saruji, slagi ya tanuri la chuma, majivu ya makaa ya mawe, maji, dawa ya kulainisha, kokoto, mchanga, na umri wa zege kwa siku. Namba ya tisa ni jibu, yaani mzigo uliolivunja, kuanzia chini ya megapaskali 3 hadi zaidi ya 80.

Namna kompyuta inavyojifunza hapo si ngeni kwa mtu wa saiti. Fikiria saidia fundi wa wiki ya kwanza. Anaulizwa, hili litabeba kiasi gani? Anakadiria, anakosea, anaambiwa jibu. Kesho anakadiria tena, na kila akikosea anapunguza imani yake kwenye jambo moja na kuiongeza kwenye jingine. Kumbe maji yana uzito kuliko alivyodhani, kumbe na umri. Mtandao wa neva hufanya vivyo hivyo. Namba nane zinaingia, kila moja inapewa uzito, zinachanganywa, zinatoka upande wa pili zikiwa kadirio moja. Kosa linapimwa, uzito unasogezwa kidogo, na safari inaanza upya, maelfu ya mara. Mwisho wake mashine inajua jambo ambalo kanuni ya Abrams peke yake haikuweza kulisema kwa zege lenye viungo saba: jinsi viungo vinavyosaidiana na kuharibiana. Sehemu kubwa ya yale yanayoitwa leo akili mnemba ya zege, kuanzia programu zinazopendekeza mchanganyiko wenye saruji kidogo hadi zile zinazotabiri nguvu ya siku ya 28 kwa kutazama ya siku ya 7, imepita kwenye jedwali hilo au kwenye ndugu zake. Wanafunzi wa fani hii hulianza kama mtoto wa madrasa anavyoanza alifu.

Ninalistahi jedwali hilo, na zaidi kwa sababu Yeh mwenyewe alieleza kwa uaminifu alichokitoa. Aliandika kwamba baadhi ya sampuli ziliondolewa kwa kuwa zilikuwa na kokoto kubwa kuliko milimita 20, au zilitunzwa kwa hali zisizo za kawaida. Niliisoma sentensi hiyo nikasimama. Kokoto za Handeni hugongwa kwa nyundo pembeni ya barabara, na wanaozigonga huzichambua kwa macho. Zege la Handeni hunyweshwa kwa madumu, siku nyingine asubuhi na jioni, siku nyingine mara moja, siku nyingine Mungu anajua. Lingeondolewa kwenye chekeche la kwanza.

Simlaumu Yeh. Fundi naye huchekecha mchanga kabla ya kupiga lipu, na aliyekuwa akitafuta siri ya mchanganyiko alikuwa na haki ya kufunga mlango wa mambo mengine. Lakini tazama kilichobaki nje ya mlango. Katika safu nane za jedwali maji yametajwa mara moja, na ni maji ya kukorogea. Maji ya pili, yale ya kunywesha, hayana safu. Hayakuihitaji, kwa sababu mchemraba wa maabara hutunzwa kwa utaratibu mmoja na kwa kawaida hulala ndani ya tangi la maji hadi siku ya kuvunjwa. Umeshiba daima. Majaribio ya tangu katikati ya karne iliyopita yalionyesha kwamba zege lililoachwa hewani tangu mwanzo, bila kumwagiliwa kabisa, lilibaki na karibu nusu ya nguvu ya lile lililonyweshwa. Basi mashine iliyolelewa na michemraba iliyoshiba, ukiiuliza habari za nguzo yenye kiu iliyosimama kwenye upepo wa Januari huko Mkata, itakujibu kwa utulivu namba ya nguzo iliyoshiba. Haijadanganya. Haikuwahi kuiona kiu.

Na nguvu ya zege si mazungumzo ya vitabuni kwetu. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, lilikuwa jengo la Kariakoo. Sababu za majengo hayo ni nyingi na si zangu kuzihukumu. Nayataja kwa sababu tangu hapo, ninapoona fundi amechuchumaa akimwagia nguzo maji baada ya wengine kwenda kula, siwezi kupita bila kumwangalia.

Kuna mashine nyingine zinazosoma nyufa. Mwaka 2017 watafiti watatu, Cha, Choi na Büyüköztürk, walifundisha kompyuta kwa vipande vya picha 40,000, kila kimoja mraba wa pikseli 256 kwa 256, ikaweza kutofautisha penye ufa na pasipo na ufa kwa usahihi wa kama asilimia 98. Picha hupigwa, droni hupita chini ya daraja pale ambapo mtu angehitaji jukwaa, na orodha ya nyufa inatoka. Ni kazi nzuri sana. Lakini ukitembea na yule mzee wetu utaona kwamba kuuona ufa kwake ni kubisha hodi tu. Ufa mwembamba uliotapakaa kama ramani juu ya jamvi, anauita ufa wa kiu: upepo ulinyonya maji ya juu katika saa za mwanzo, kabla zege halijapata nguvu ya kujishika. Ufa unaotoka pembe ya dirisha ukienda mshazari, huuliza lenta iliishia wapi. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali ni wa chini, wa msingi uliowekwa kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kunywea kiangazi. Mbele ya ufa wa namna hiyo huinama, hushika udongo, na hukaa kimya muda mrefu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko ng'ambo ya bahari yetu wenyewe, Zanzibar. Tangu 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni chini ya Kamisheni ya Ardhi, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa waliojifunza kuzirusha. Mwaka 2018 picha hizo zikawekwa kwenye shindano la kimataifa la kuifundisha kompyuta kutambua kila jengo. Ili iwe na cha kujifunzia, ilibidi watu wakae wachore kwa mkono mipaka ya majengo, moja baada ya jingine, mtaa baada ya mtaa. Na majengo yakagawanywa makundi matatu: lililokamilika, lisilokamilika, na msingi.

Msingi! Mtu aliyekulia kwenye nchi ambako nyumba hujengwa kwa mkopo na kumalizwa kwa miezi minane asingefikiria kuupa msingi kundi lake. Sisi tunajua. Mwalimu hununua kiwanja, mwaka huo huo anamwaga msingi ili watu wajue pana mwenyewe, miaka miwili baadaye anapandisha kuta, halafu ada za watoto, halafu msiba, halafu mabati. Kuta zisizo na paa Handeni, nyasi zimeota chumbani, si gofu. Ni akiba. Aliyeweka yale makundi matatu aliingiza ndani ya mashine jambo moja la kweli kuhusu maisha yetu, nayo mashine ikaweza kuliona kutoka angani. Miaka mitatu baadaye Google, kupitia maabara yake ya Accra, ilitoa ramani ya majengo milioni 516 ya Afrika yaliyochorwa na kompyuta kutoka kwenye picha za setilaiti, Tanzania ikiwemo. Idadi ni kubwa mno, na kazi ni ya heshima. Mimi bado moyo wangu uko kwa aliyesema: tuweke na msingi.

Safu ya maji ya pili nayo inangoja mtu wa namna hiyo. Niliona ikianza kuandikwa, kwa penseli.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, nguzo za chini zimemwagwa jana yake. Fundi alikuwa amezivisha magunia ya katani, yale ya zamani ambayo mkoa wa Tanga haujawahi kuyakosa tangu Mjerumani Hindorf aulete mkonge mwaka 1893, akayafunga kwa waya na kuyalowesha. Hakuna kitu kinachoshika maji kama katani, huniambia. Nailoni hufunika, gunia hunywesha. Mwenye nyumba, mama mmoja mfanyabiashara, alikuja akakuta madumu sita yamepangwa.

"Fundi, nguzo si zimeshasimama? Maji ya nini tena?"

"Zimesimama, mama. Hazijashiba."

Mama akacheka kidogo, akazunguka nguzo, akaweka mkono. Zege changa lina joto. Saruji inapokaza hutoa joto lake yenyewe, na juu ya gunia lililoloa utalisikia kama paji la mtoto mwenye homa. Aliuondoa mkono akanyamaza, na siku ya pili madumu yalikuwa nane.

Kijana injinia alifika saa nne, na programu kwenye simu ya kukadiria nguvu za zege. Akasalimia shikamoo mzee, akaitikiwa marahaba mwanangu, akachuchumaa kwenye kivuli cha tofali akaanza kuuliza. Mifuko mingapi? Mchanga makarai mangapi? Kokoto? Mzee alijibu bila kusita, na akaongeza habari za unyevu wa mchanga, ambazo kijana alizipunguza kwenye maji kwa kikokotoo. Alikuwa kijana makini. Kisha akauliza maji kiasi gani.

"Maji yapi, mwanangu? Ya kukorogea au ya kunyweshea?"

Kijana alitazama kioo. "Hapa kuna nafasi moja tu ya maji, mzee."

"Basi hayo mengine yaandike pembeni."

Akaandika pembeni. Alitoa daftari la mistari, akachora safu mpya kwa rula ya kitambulisho chake: siku, saa, madumu, jua au wingu, gunia limekauka au bado. Mzee alimsogelea akatazama safu zile kwa makini, kama anavyotazama pima maji, akaomba iongezwe moja, upepo. Kijana akaichora. Hakuna aliyesema ni sayansi. Ilikuwa mistari michache ya penseli na jina la mtaa juu yake, na Abrams alihitaji 50,000 kufika alikofika.

Kabla ya hapo, siku ya kumwaga, mzee na vibarua wake walikuwa wamejaza vibati vitatu vya michemraba kutoka toroli moja, vikashindiliwa sawasawa, tarehe ikachorwa juu kwa msumari zege likiwa bichi. Mmoja kijana aliuchukua, ukalazwa ndani ya pipa la maji. Wa pili uko saiti, umewekwa miguuni pa nguzo chini ya gunia lile lile, unakunywa nguzo inapokunywa na kukaa na kiu nguzo inapokaa na kiu. Wa tatu mzee mwenyewe aliomba uachwe juani, juu ya lundo la tofali, bila tone. Yote mitatu itapelekwa Tanga siku moja kuvunjwa, na namba zitaingia daftarini kwenye safu ya mwisho, ambayo bado iko tupu.

Leo ni siku ya kumi na moja.